Kichujio kinanguruma, samaki wanahema: kusaka chanzo katika tangi jipya la maji ya chumvi

Tangi la maji ya chumvi lenye samaki watupu, bila matumbawe, husifiwa kuwa ndilo rahisi la kuanzia. Upande wa taa ni kweli. Upande wa kuchuja maji mambo hugeuka, kwa sababu samaki wanaowekwa humo mara nyingi ni wakubwa na wala nyama: chewa, bunju, kikande, mkunga. Chewa wa urefu wa kiganja akimeza vipande vitatu vya kamba leo, kesho maji yote yana habari. Ndiyo maana katika matangi haya kichujio hubeba mzigo mzito kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana matatizo ya miezi ya mwanzo, ukiyafuatilia hadi mwisho, huishia hapo.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona ukiwa umesimama mbele ya kioo. Lakini kabla ya dalili ya kwanza kuna swali ambalo nakuomba uende nalo katika kurasa zote hizi.

Uchafu unaenda wapi?

Kiulize kila kifaa swali hilo. Sifongo, pamba na soksi za kuchujia hukamata vinyesi na mabaki ya chakula, lakini vilivyokamatwa bado vimelowa katika maji yaleyale. Vitaoza humo humo hadi uvitoe kwa mkono. Bakteria wanaokaa kwenye mawe, kwenye vipande vya kauri au kwenye mipira ya plastiki hawaondoi kitu, wao hugeuza: amonia, sumu inayotokana na uchafu huo, inakuwa nitriti, nitriti inakuwa nitrati. Mkaa amilifu hunyonya rangi, harufu na mabaki ya dawa, kisha hushiba. Skima, ile nguzo inayosukuma viputo vidogo mno vya hewa na kukusanya povu chafu kwenye kikombe juu, ndiyo inayotoa uchafu nje ya maji kabla haujaoza. Kwa tangi la samaki wala nyama mimi siihesabu skima kuwa ya hiari.

Mpangilio ninaouamini kwa mwanzo ni huu: mawe hai ya kutosha, skima iliyokadiriwa kwa tangi kubwa mara moja na nusu hadi mbili kuliko lako, sehemu moja ya sifongo au soksi inayofuliwa kila baada ya siku chache, na pampu zinazozungusha maji mara tano hadi kumi ya ujazo wa tangi kwa saa. Mawe hai si urembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia aliwaonyesha wafugaji kwamba mawe yenye viumbe vyake, pamoja na hewa tu, yanaweza kuendesha tangi la maji ya chumvi. Ndani kabisa ya mawe hayo, ambako oksijeni haifiki vizuri, wanaishi bakteria wengine wanaoivunja nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Hakuna mpira wa plastiki unaofanya hivyo.

Kichujio cha mtungi, ule unaofungwa na kukaa chini ya tangi, kinafaa kama wewe ni mtu wa kukifungua na kukisafisha kila wiki mbili. Kama sivyo, kiache. Kichujio cha matone, kile cha mipira ya plastiki inayomwagiwa maji, ni hodari mno kwa amonia na kwa kuingiza hewa, na kina gharama yake ambayo tutaikuta kwenye nitrati. Kichujio cha chini ya changarawe sikipendekezi kwa samaki wakubwa: kinafyonza uchafu na kuuficha chini ya kitanda, mahali ambapo huwezi kuufikia bila kubomoa kila kitu.

Pima kabla ya kufungua chochote

Mtu akiona samaki hayuko sawa, mkono huenda moja kwa moja kwenye kichujio. Anakifungua, anafua kila kitu chini ya bomba, anarudisha. Kwa kitendo hicho anaweza kuwa ameua sehemu kubwa ya bakteria waliokuwa wakimlinda, hasa kama maji ya bomba yana klorini. Pima kwanza: amonia, nitriti, nitrati, pH, chumvi na joto. Andika na tarehe, kwa sababu namba moja haisemi mengi, namba tatu za siku tatu husema.

Chumvi iwe kati ya 1.023 na 1.026 kwa kipimo cha uzito mahsusi, joto nyuzi 24 hadi 27, pH 8.0 hadi 8.4. Ukitumia haidromita ya mshale, gonga pembeni ili viputo vilivyoganda kwenye mshale vitoke. Kiputo huunyanyua mshale, nawe unadhani maji yana chumvi zaidi ya iliyomo. Refraktomita ni bora, mradi uirekebishe kwa maji ya kipimo yenye chumvi gramu 35 kwa kilo, si kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, peke yake.

Amonia haishuki

Hii ndiyo dalili inayoua, kwa hiyo nitakaa nayo.

Samaki wanapumua haraka, matamvua yamekuwa mekundu, wanakataa chakula, na kipimo kinaonyesha amonia 0.5 mg kwa lita au zaidi. Amonia iko kwa sura mbili majini: moja ina chaji na madhara yake ni madogo, nyingine haina chaji nayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu ya sumu inavyokuwa kubwa. Amonia ileile katika pH 8.2 ina sumu zaidi ya mara kumi kuliko katika pH 7. Mtu aliyezoea maji baridi huiona 0.5 akasema ni kidogo. Katika maji ya chumvi si kidogo.

Kama tangi halijafikisha wiki sita, chanzo cha kwanza kufikiria ni kwamba bakteria bado hawatoshi. Hawa wanaogeuza amonia hukua taratibu mno. Wakati bakteria wa kuozesha wanaweza kujigawa mara moja kwa chini ya saa moja, hawa huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ndiyo sababu tangi huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa, na ndiyo sababu pampu kubwa haiwezi kufupisha muda huo. Tangi linakomazwa bila samaki: unatia chanzo cha amonia, unasubiri ipande, ishuke, nitriti ipande, ishuke, nitrati ionekane. Tangi lililokomaa ni lile ambalo ukilitia amonia ya 2 mg kwa lita leo, kesho saa kama hii amonia na nitriti zote ni sifuri.

Ikiwa samaki wamo tayari na amonia iko juu, badilisha robo hadi nusu ya maji, kwa maji mapya yenye chumvi na joto lilelile. Usiogope kwamba unawamwaga bakteria. Wao wameshikamana na mawe na vyombo, majini wamo wachache tu. Punguza chakula hadi kidogo mara moja kila siku mbili. Samaki mzima hafi kwa hilo. Ongeza hewa. Dawa ya kufunga amonia inasaidia usiku ule wa dharura, lakini fahamu inavyovuruga vipimo: aina ya Nessler, ile inayogeuka njano hadi kahawia, huweza kudanganya baada ya dawa hizi. Tumia kipimo cha salisilati, kile kinachokwenda kijani, na hata hicho kinaweza kuihesabu amonia iliyokwisha kufungwa.

Tangi likiwa limepita wiki nane na amonia imerudi ghafla, usifikirie ukomavu tena. Hesabu samaki. Mmoja hayupo? Yuko nyuma ya mawe, anaoza. Halafu jiulize umefanya nini katika siku tatu zilizopita: umefua vichujio vyote siku moja, umetia dawa, umeongeza samaki wawili wakubwa kwa pamoja, umeweka mawe mapya ambayo hayakuozeshewa nje kwanza? Mawe hai yaliyosafiri huwa na viumbe vingi vilivyokufa juu yake, na huhitaji wiki kadhaa kwenye ndoo yake yenye chumvi, pampu na hita kabla ya kuingia kwenye tangi lenye samaki.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu hukikosa. Maji ya bomba ya miji mingine huwekwa kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia. Dawa ya kuondoa klorini huvunja kifungo hicho, na amonia inabaki. Pima maji yako mapya ya chumvi yakiwa bado kwenye ndoo. Kama yana amonia kabla hayajaona samaki, kila unapobadilisha maji unaongeza tatizo lile unalotaka kuliondoa.

Nitriti imekwama juu

Amonia ni sifuri, nitriti iko pale pale kwa wiki mbili. Katika maji ya chumvi hali hii haitishi kama katika maji baridi, kwa sababu kloridi tele iliyomo hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia kuingia. Subiri, usiongeze samaki. Hakikisha oksijeni inatosha. Na usiiamini nitrati unayoisoma wakati huo: nitriti nyingi hukifanya kipimo cha nitrati kisome juu kuliko hali halisi.

Skima haitoi povu

Umenunua, umeiwasha, kikombe ni kikavu kwa siku nne. Kama ni mpya na tangi ni jipya, acha. Plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani na povu halitashika vizuri kwa siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki mbili. Isitoshe, kama tangi halina samaki bado, hakuna cha kutolewa.

Skima iliyokuwa ikifanya kazi kisha ikaacha ni habari nyingine. Anzia kwenye mrija wa hewa. Pale hewa inapokutana na maji ya chumvi, ukoko wa chumvi huota ndani ya tundu na kuliziba kidogo kidogo. Viputo vinapungua bila kelele yoyote. Ichovye ncha ya mrija kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi huku skima ikiwaka, iyafyonze yote. Mara nyingi povu hurudi ndani ya saa moja. Kufanya hivi kila wiki, hata pasipo dalili, ni moja ya tabia ninazoziona zina faida kubwa kuliko kifaa chochote cha ziada.

Kisha angalia shingo ya kikombe. Ute wa mafuta ukitanda pale, povu linavunjika kabla ya kufika juu. Ipanguse kila siku tatu au nne. Baada ya hapo angalia kina cha maji mahali skima inaposimama. Skima ya ndani ya sampu, yaani lile tangi la pili la chini linalopokea maji ya tangi kuu na kuyarudisha kwa pampu, hutaka kina kisichobadilika, na maji yakishuka kwa kuvukiza hata sentimita mbili, tabia yake inabadilika. Isimamishe kwenye chumba cha sampu ambacho kina chake hakipandi wala kushuka. Kuvukiza kuonekane kwenye chumba cha pampu ya kurudishia maji.

Ukiona povu limezama ghafla na hujagusa kitu, kumbuka ulichowalisha. Chakula chenye mafuta, hata mafuta ya mkono wako uliouingiza tangini, hulizamisha povu kwa saa kadhaa. Linarudi lenyewe. Na kama umeshusha chumvi kwa ajili ya matibabu, usiishangae skima kulegea: maji yakipungua chumvi viputo huungana na kuwa vikubwa, na viputo vikubwa havibebi uchafu. Ndiyo sababu skima za aina hii hazifanyi kazi kwenye matangi ya maji baridi.

Skima inafurika

Kikombe kinajaa maji karibu meupe kwa dakika kumi. Vyanzo vya kawaida ni dawa ya kutayarisha maji, dawa ya magonjwa, gundi au silikoni mpya, au sabuni iliyobaki kwenye ndoo. Sabuni isiingie kwenye kifaa chochote cha tangi, nasema hivyo bila nafasi ya mjadala. Tia mkaa amilifu, fungua skima kwa kiwango cha chini kabisa cha maji, badilisha sehemu ya maji, na usubiri siku mbili tatu. Usiizime kabisa, maana katika tangi nyingi yenyewe ndiyo inayoingiza sehemu kubwa ya hewa. Iache ipulize hata kama umekiondoa kikombe cha kukusanyia na povu linarudi kwenye sampu.

Povu likiwa sawa, rangi yake utaichagua mwenyewe. Linalotoka kavu ni jeusi na zito, na hujaa polepole. Linalotoka majimaji lina rangi ya chai na linaondoa uchafu mwingi zaidi, kwa gharama ya maji ya chumvi. Kwa samaki wala nyama mimi huliacha majimaji.

Nitrati inapanda kila wiki

Maji ni maangavu, amonia sifuri, samaki wanakula. Lakini nitrati ni 40, mwezi ujao 70, mwezi wa tatu 110. Samaki wengi huvumilia zaidi ya matumbawe, ila kuvumilia hakumaanishi kustawi. Hamu ya kula hupungua, na mwani hushamiri. Mimi hujitahidi nisipite 40.

Hapa lile swali la kwanza linalipa. Kikulacho ki nguoni mwako: fungua mtungi. Ukikuta tope la kahawia juu ya pamba, umekipata chanzo. Kichujio kimekamata vinyesi vyote vya mwezi mzima na maji yote ya tangi yanapita juu yake kila saa, yakiosha kinachooza. Kichujio cha matone kina hali hiyohiyo ikiwa hakuna soksi mbele yake: tope linafika kwenye mipira. Lakini hata kikiwa safi, hugeuza amonia kuwa nitrati kwa kasi na hakina sehemu isiyo na oksijeni ya kuivunja nitrati hiyo. Ukitaka kuachana na mipira, baada ya kuweka mawe hai ya kutosha, itoe robo kwa robo, wiki mbili mbili kati ya kila hatua, ukipima amonia. Anayeitoa yote siku moja huirudia ile sehemu ya amonia.

Fua soksi na pamba kila siku tatu. Vipande vya kauri ndani ya mtungi visuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, nusu yake leo na nusu baada ya wiki mbili.

Kuhusu kubadilisha maji, hesabu ifanywe kwa uaminifu. Tuseme tangi lako linazalisha nitrati 5 mg kwa lita kila wiki, nawe unabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Nitrati haitashuka hadi sifuri. Itapanda hadi 50 na kutulia hapo, kwa sababu asilimia 10 ya 50 ni 5, sawa na kinachozalishwa. Ukibadilisha asilimia 20 itatulia kwenye 25. Kwa hiyo anayelalamika kwamba anabadilisha maji kila wiki na namba haishuki, huenda hana hitilafu yoyote. Anachozalisha ndicho kikubwa. Skima nzuri zaidi, chakula kidogo zaidi, au chumba cha mwani kwenye sampu chenye taa yake, ambapo mwani unakua unavunwa na kutupwa, ndivyo vinavyopunguza uzalishaji wenyewe. Mwani unaovunwa, kama povu la skima, ni uchafu uliotoka nje.

Hakikisha pia maji unayotilia hayana nitrati yenyewe. Maji ya bomba au ya kisima huweza kuja nayo tele.

Maji meupe kama maziwa

Siku ya kwanza na ya pili, ni vumbi la mchanga. Jaza glasi, iache usiku kucha. Vumbi litatua chini. Siku ya tatu hadi ya kumi, glasi ikibaki na ukungu asubuhi, ni bakteria wa kuozesha waliolipuka kwa chakula kilichozidi. Hawa humaliza oksijeni kuliko wanavyodhuru kwa njia nyingine, kwa hiyo dawa yao ni hewa, skima kuwaka saa zote na chakula kupungua. Ukungu ukitokea dakika chache baada ya kumwaga chumvi kavu au unga wa kuongeza alkalini moja kwa moja tangini, ni chokaa imeganda majini. Matone ya siki kwenye glasi yatauondoa ukungu wa chokaa, ule wa bakteria utabaki. Chumvi ikorogwe kwenye ndoo yake, kwa pampu, hadi iyeyuke yote, siku moja kabla.

Maji yakiwa maangavu lakini ya manjano, weka karatasi nyeupe nyuma ya kioo uhakikishe, kisha badilisha mkaa. Wiki tatu hadi nne ndio umri wake.

Samaki wanahema juu, hasa alfajiri au umeme uliporudi

Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwenye nyuzi 25, maji baridi hushika takriban 8.2 mg kwa lita, maji ya bahari takriban 6.8. Nafasi ya kukosea ni ndogo tangu mwanzo. Kama amonia ni sifuri na samaki wote wako juu wakati mmoja, tafuta oksijeni: pampu ya mkondo imeelekezwa chini badala ya uso wa maji, utando wa mafuta umefunika uso, skima imezimwa, au joto limepanda. Elekeza pampu ili uso utikisike. Kama ni samaki mmoja au wawili tu wanaohema, wengine wako sawa, elekea kwenye ugonjwa wa matamvua kuliko kichujio.

Umeme ukikatika kuna hatari ambayo nimeipitia. Ulikatika usiku kwa saa saba. Ulipokaribia mapambazuko ukarudi na mtungi wangu ukajiwasha wenyewe. Maji yaliyotoka yalinuka yai viza, na kikande niliyemfuga miaka miwili alikuwa amelala ubavu kabla sijafika kwenye swichi. Nimeishi na tukio hilo, na ndilo lililonifundisha kinachotokea ndani: chombo kimefungwa, maji hayatembei, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo kwa muda mfupi, wanaanza kufa, na tope linaanza kuoza bila hewa. Pampu ikiwaka, yote hayo yanasukumwa kwa samaki kwa pamoja.

Kwa hiyo mtungi uliosimama zaidi ya saa moja au mbili usiuache ujiwashe. Uchomoe, mwaga maji yake nje, suuza vilivyomo kwa maji ya tangi, ndipo uuwashe. Mawe hai yaliyo wazi tangini hayana hatari hii kwa kiasi hicho, na kichujio cha matone kikiwa na unyevu hukaa na hewa muda mrefu zaidi. Pampu ndogo ya hewa ya betri, iliyokwisha kujaribiwa, iwe karibu na tangi.

Sampu inafurika umeme ukizimwa

Pima eneo la uso wa tangi. Lenye sentimita 120 kwa 50 hubeba lita 6 kwa kila sentimita moja ya kina. Maji yakishuka sentimita 3 kabla bomba la kurudishia halijavuta hewa, lita 18 zitateremka kwenye sampu. Kama nafasi hiyo haipo, yatakuwa sakafuni. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa mapema na kukata mvuto. Lisugue kila mwezi, konokono mdogo mmoja hulitosha kuliziba. Kisha zima pampu kwa makusudi ukiwepo, na uweke alama ya kalamu kwenye sampu: maji ya kawaida yasizidi hapa.

Viputo vidogo vimetapakaa tangini

Maji ya chumba cha pampu yamepungua na pampu inavuta hewa, au skima ni mpya, au kiungo cha bomba kina ufa upande wa kuvuta. Ongeza maji baridi yaliyosafishwa, maana chumvi haivukizi pamoja na maji. Sifongo kati ya vyumba vya sampu husaidia, mradi ifuliwe.

Vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo ni mwani wa silika, huja wiki ya pili hadi ya nane na huondoka wenyewe silika ikiisha. Kichujio hakina kosa.

Kichujio na dawa

Shaba hutumika kutibu madoa meupe ya baharini, yaani kimelea Cryptocaryon irritans, na watu hujaribu kuitia kwenye tangi kuu kisha wanashangaa kipimo cha shaba kushuka kila siku. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya. Huua pia viumbe wadogo waliomo kwenye mawe hai, nao wakioza amonia hupanda. Mkaa huondoa dawa nyingi, kwa hiyo utolewe wakati wa matibabu na urudishwe baadaye. Taa ya urujuanimno huua tu kinachopita mbele yake, si kilicho mwilini mwa samaki, na nguvu yake hupungua. Balbu hubadilishwa takriban kila mwaka hata kama bado inawaka.

Tiba ifanyike kwenye tangi dogo la pembeni, lisilo na mawe wala mchanga, lenye bomba fupi la plastiki la kujificha. Kichujio chake kiwe sifongo ya hewa, na sifongo hiyo usiinunue siku samaki anapougua, kwa sababu itahitaji wiki nne kuwa na bakteria. Iweke sasa kwenye sampu, ikae humo miezi yote bila kazi nyingine. Siku ya haja unaitoa, unaiunganisha na pampu ya hewa, na tangi la pembeni linaanza likiwa limekomaa. Ikishagusa shaba haitarudi kwenye sampu. Weka nyingine mahali pake siku hiyohiyo.